Mizani Imehamia kwa Wifi

Machi 2

Leo wamenichukulia mizani.

Naandika huku nyuma ya daftari langu la kazi kwa sababu kurasa za mbele zimejaa nyumba za watu, na kwa sababu hakuna atakayekuja kulikagua tena. Miaka kumi na moja nimekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na mzigo wote ulikuwa kwenye hilo neno kujitolea. Nimepima watoto wa mtaa mzima. Nimehesabu mimba, nimewakokota wenye kifua kikuu wakameze vidonge mbele ya nesi, nimewaambia wasichana waliojifunga vitambaa tumboni kwamba mficha uchi hazai. Mizani ile ya kuning'iniza, yenye ndoano juu na mfuko wa kumtia mtoto chini, nimeibeba begani mpaka watu wakasahau jina langu wakaniita Mama Mizani.

Sasa sera imebadilika. Afisa wa afya alikuja na gari lake, akatukusanya zahanati, akasema kila mtaa utakuwa na mhudumu mmoja wa kuajiriwa, mwenye cheti cha sekondari, kwa sababu kila kitu kitaingia kwenye simu.

"Na sisi wa zamani?" nikamwuliza.

"Nyie mama zetu mtapewa barua ya shukrani."

Mimi shule niliishia darasa la saba. Aliyechukuliwa ana cheti. Aliyechukuliwa ni wifi yangu.

Machi 3

Niliandike vizuri, maana jana niliandika kwa hasira. Wifi ni dada mdogo wa mume wangu. Alikuja kwetu ana miaka kumi na miwili, mama mkwe alipofariki, na mpaka leo anakaa chumba cha pili, mlango unatazamana na wangu, uwanja katikati. Nimemsuka nywele. Nimemfundisha kukaa na hedhi yake. Alipofika kidato cha pili mume wangu alitaka aache shule amsaidie kwenye banda lake la kutengeneza baiskeli, nikamwambia huyu ataacha shule siku nikiwa kaburini. Kwa hiyo cheti kilichonishinda nimekilea mwenyewe. Fadhila za punda ni mateke.

Na hajanipiga teke, hilo ndilo linaloniuma. Angenipiga ningepumua. Jana jioni alisimama mlangoni kwangu, ile fulana mpya ya bluu ameikunja mkononi, ameinama kama mtu aliyevunja kikombe cha mgeni.

"Wifi, ukisema nisiichukue, siichukui."

"Chukua, mama. Nani mwingine kama si wewe?"

Meno yangu yote yalikuwa nje. Moyoni nilikuwa naomba aanguke nayo kwenye tope.

Machi 5

Mvua ya kwanza. Fulana inampendeza.

Machi 8

Ameanza kuzunguka. Amepewa mabuti, koti la mvua, mkoba wenye zipu na simu kubwa kama sahani. Mimi miaka kumi na moja nilipewa kalamu tatu, na moja haikuandika.

Nilimfuata kwa mbali, nikijidai nakwenda kusaga. Ameitundika mizani kwenye mti wa dari uliooza, nyumba ya kona, nikajua itashuka tu, ikashuka. Mtoto hakuumia, alicheka. Bibi wa nyumba hiyo, ambaye siku zote mimi aliniita "wee wa mizani", amemwita wifi "daktari". Daktari! Nimerudi nyumbani unga sijasaga.

Machi 10

Nesi mkuu wa zahanati amenieleza hiyo simu inavyofanya kazi. Kwanza inauliza namba ya kitambulisho cha mkuu wa kaya. Bila namba hiyo ukurasa haufunguki. Ukishafunguka, kila mtu wa nyumba anapata namba yake ya usajili, na mjamzito mwenye namba anatibiwa bure mpaka hospitali kubwa, gari linamfuata, na akiwa wa kukaa mbali anapewa kitanda kwenye wodi ya kungojea. Asiye na namba ajigharamie au arudi alikotoka.

"Na asiye na kitambulisho?" nikamwuliza.

"Hayumo," akasema nesi. Hakufurahi kulisema. Zamani yeye alikuwa anapokea neno langu tu. Nikimwandikia kikaratasi kwamba huyu ni wa kwangu, anamwona.

Machi 12

Lazima niandike la leo lilivyokuwa.

Ng'ambo ya mto, nyuma ya tanuri, kuna nyumba tisa za wafyatua matofali. Walikuja kutoka mbali kufuata udongo. Vitambulisho hawana, na karatasi wanaziogopa, maana mara mbili waliandikwa na mara zote mbili baada ya kuandikwa walifukuzwa. Kwao huingii kwa mbele, unazunguka upande wa shimo la udongo ili wakuone unakuja peke yako. Mimi ilinichukua mwaka mzima kukaribishwa kukaa. Majina yao sikuandika hata siku moja. Kwenye daftari langu, ukurasa wa mwisho wa mbele, kuna nyumba tisa zilizochorwa kwa penseli: duara ni mimba, mstari ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Penseli, kwa sababu walitaka kuona kwamba inafutika.

Kwenye nyumba ya tano kuna duara kubwa. Ni mke wa yule mfyatuaji mrefu. Watoto wake wawili walitoka kwa kisu, na daktari wa hospitali kubwa alimwonya kwamba wa tatu asithubutu kumzalia nyumbani. Mwezi wa kwanza nilimwahidi kwamba kabla mto haujajaa, mimi mwenyewe nitakuja kumchukua nimpeleke wodi ya kungojea.

Leo alasiri nilikuwa nachambua mchele uwanjani. Wifi akaja akachuchumaa mbele yangu, simu mkononi.

"Wifi, nimefika nyumba mia moja arobaini na mbili. Wewe ndiye unayeujua mtaa huu. Kuna nilizoziacha?"

Nikaendelea kuchambua. Nilitoa jiwe moja, nikalitupa.

"Hakuna," nikasema.

Neno moja. Nimeliandika hapa nilione.

Acha apeleke ripoti yenye tundu. Afisa atalikuta tundu, atauliza nani anajua ng'ambo, na watu watasema ni nani.

Machi 13

Mvua. Ameniletea sukari. Sikuomba sukari.

Machi 16

Mvua tangu alfajiri. Mume wangu anasema nimekuwa mkali. Nimemwambia akamwulize dada yake mpole ampikie. Amekwenda kweli, amekula huko, amerudi anajilamba vidole. Mwanamume hana aibu.

Machi 20

Sherehe zahanati. Sikutaka kwenda, nikaenda. Afisa amesimama akasema mtaa wetu ni wa kwanza kukamilika, asilimia mia. Watu wakapiga makofi. Wifi akaitwa mbele, akapewa cheti kingine, huyu mtoto anakusanya vyeti kama kuku anavyookota mtama.

Asilimia mia, na nyumba tisa hazimo! Nilikaa pale kwenye benchi nikingoja mtu aulize. Hakuna aliyeuliza. Nilidhani tundu litaonekana, kumbe kwenye simu asiyekuwemo hapungui. Mimi niliweka mtego, na mtego umempigia makofi.

Wifi alipokuwa anashuka alinitafuta kwa macho, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Kazi hii nimefundishwa na wifi yangu." Wakanipigia makofi na mimi. Makofi ya kupewa na mtu ni kama nguo ya kuazima.

Ningeweza kumwambia jioni ile. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anakibandika kile cheti ukutani, ameshika misumari kwa midomo, nikarudi.

Machi 27

Mfyatuaji mrefu amenikuta bandani kwa mume wangu, ameleta baiskeli.

"Mama Mizani, mke wangu anakuuliza. Anasema mimba imeingia mwezi wa nane. Unakuja lini?"

Nilipaswa kumwambia kwamba mimi sina mizani tena, kuna mwingine, mlango wake ule pale. Sikumwambia. Wiki nzima kila ninayekutana naye ananiuliza wifi yuko wapi, wifi amepita, wifi anarudi saa ngapi. Huyu peke yake aliniita mimi. Nilitaka niwe na mtu mmoja aliyebaki wangu.

"Hivi karibuni," nikamwambia. "Mwambie asibebe maji."

Akashukuru. Mume wangu alinitazama, kisha akarudi kwenye mnyororo wake.

Machi 30

Mto umepanda mpaka kwenye jiwe la kufulia.

Aprili 2

Leo nilitoka na mwavuli niende ng'ambo. Nasema kweli, nilitoka. Nilifika kwenye daraja la mbao, maji yakiwa yamebakisha kama shubiri mbili kulifikia, na nilikuwa na ndala. Nikamwona wifi barabara ya juu, na mabuti yake, na koti lake, ameshikwa mkono na bibi wa kona anayemvusha dimbwi. Daktari anavushwa dimbwi! Nikajiuliza mimi naloa kwa ajili gani, kwa mshahara wa nani, kwa shukrani ya nani. Nikageuka. Kesho, nikasema.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Daraja halionekani.

Aprili 7

Sasa ndiyo nimepata kukaa. Niliandike la juzi kutoka mwanzo.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Mtu aliingia uwanjani anapiga kelele, "Mama Mizani! Mama Mizani!" Milango miwili ikafunguka pamoja. Wifi ndiye aliyetoka kwanza, na fulana yake, na yule mtu akampita kama anavyopita nguzo. Alikuwa mfyatuaji mrefu, maji yanamtiririka mpaka kwenye nyusi.

"Uchungu umemshika tangu alfajiri. Damu inatoka. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Wifi akauliza, "Kaka, unakaa wapi?"

"Ng'ambo. Matofalini."

"Kuna watu kule?"

Akanitazama. Wakati ule sikuona hasira usoni kwake. Alikuwa anahesabu, kama mtoto anayerudia hesabu aliyoambiwa amepata. Kisha akaacha kuhesabu, akaingia ndani, akatoka na simu.

Alipiga hospitali kubwa kuomba gari. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu. Mwanamume wa upande wa pili akauliza namba ya usajili ya mgonjwa. Wifi akasema hana, anavuja damu. Yule akasema, dada, bila namba mfumo haufungui safari, si mimi, ni mfumo. Wifi akafumba macho.

"Andika hii," akasema, na akataja namba yake mwenyewe ya usajili, tarakimu zote, polepole. "Ndiyo. Mjamzito ni mimi. Leteni gari mpaka mwisho wa lami."

Siku waliyomwajiri walimsainisha karatasi kwamba atakayeingiza taarifa ya uongo kwenye simu atafukuzwa na kushtakiwa. Nilimwona akiisaini. Nilimwonea wivu hata kalamu.

Kuvuka, hapo nilijua mimi; mfyatuaji alikuwa ameogelea tu. Daraja lilikuwa limezama, lakini juu ya shimo la udongo mto unapanuka na chini pana changarawe ngumu, nimepapasa kwa miguu miaka yote nikienda kwao. Niliwapitisha hapo, maji kifuani, wifi akanishika kiunoni kwa nyuma. Mabuti yake yalijaa maji akayavua akayatupa. Tuliingia nyumba ya tano.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, magoti juu, uso umekuwa wa kijivu. Watoto wake wawili wamekaa pembeni. Aliponiona hakulia wala hakunilaumu. Alisema tu, "Mama Mizani, nilifunga nguo tangu wiki ile." Mfuko ulikuwa mlangoni kweli, umefungwa kwa kamba, na kofia ndogo ya mtoto juu yake.

Tulimbeba kwenye ule ubao wenye mikono minne wanaobebea matofali mabichi. Wanaume sita wakaingia mtoni wakiushika juu ya vichwa. Wifi alikuwa pembeni yake, maji shingoni, anamwambia, "Nitazame mimi, dada, nitazame mimi tu." Mimi nilitangulia kupapasa njia kwa miguu. Gari lilikuwa mwisho wa lami.

Wamempasua saa nane mchana. Mtoto ni wa kike, kilo moja na robo tatu, amewekwa chumba cha joto. Mama amepona. Ila damu haikukatika, wakatoa kizazi. Ana miaka ishirini na sita.

Wifi alirudi na fulana imekauka damu kifuani. Alipita uwanjani akaingia chumbani kwake.

Aprili 9

Mvua imepungua. Ananisalimia bado. "Shikamoo, wifi." Naitikia kama mtu anayemeza mfupa.

Aprili 11

Hospitali wamegundua. Kwenye mfumo wifi ameshazaa na kutolewa kizazi, na wifi amekwenda zahanati kwa miguu yake kupima watoto. Afisa anakuja Jumatatu.

Mume wangu amenong'ona, "Wewe ulijua kule kuna watu. Bandani nilikusikia." Mimi nikamwuliza kama ameshakula.

Aprili 14

Ofisi ya nesi mkuu. Meza moja, viti vinne. Afisa, nesi, wifi, mimi. Mfyatuaji mrefu alisimama mlangoni, kaitwa awe shahidi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Fulana ya bluu ilikuwa juu ya meza, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Simu juu yake. Mizani kando, na ndoano yake. Wifi alikuwa amevirudisha vyote kabla hajaulizwa.

Afisa akauliza ilikuwaje kaya tisa hazimo kwenye ripoti ya asilimia mia.

"Ni kosa langu," wifi akasema. "Sikufika kule."

"Hukuuliza wenyeji?"

Nikashika kiti. Sasa atasema. Alikuwa na haki ya kusema, na ningekuwa mimi ningesema kabla swali halijaisha. Wifi akatazama mikono yake.

"Nilipaswa kufika mwenyewe, mzee."

Hapo nitaandika lililonipata, hata kama ni aibu. Sikuona huruma kwanza. Niliona wivu. Niliona wivu kuliko siku ya fulana, kuliko siku ya makofi. Nikasema moyoni, hata hapa amenipita! Cheti nilimwachia, mizani nilimwachia, sasa na wema nao anauchukua, mimi nimebaki na nini?

Afisa akanigeukia, sauti imelainika. "Mama, nimeambiwa wewe ndiye uliyejua kivuko. Bila wewe mgonjwa asingevuka. Huyu binti amedanganya mfumo, siwezi kumbakisha. Naweza kuomba kibali maalumu, hata bila cheti, kazi irudi kwako." Akaisukuma ile fulana upande wangu. Kidogo tu, kwa vidole viwili.

Ilifika mbele yangu. Nilisikia harufu ya sabuni. Ni sabuni ninayotumia mimi, tunagawana kipande.

"Aliniuliza," nikasema.

"Nani?"

"Wifi. Machi kumi na mbili aliniuliza kama kuna nyumba alizoziacha. Nikamwambia hakuna. Nilikuwa nazijua zote tisa. Na mjamzito nilikuwa namjua."

Afisa akasema labda nilizisahau tu siku ile. Nikatoa daftari hili, nikafungua huku nyuma, nikaziba mistari mingine yote kwa kiganja, maana kuna mambo humu hayamhusu, nikamwachia swali la wifi na lile neno moja. Akalisoma. Nesi akalisoma. Wifi hakutaka kulisoma.

Mfyatuaji mrefu akasema kutoka mlangoni, "Lakini mimi nilikuja bandani. Nilikwambia anakuuliza."

"Ulikuja."

"Ukasema hivi karibuni."

"Nilisema."

Akavaa kofia yake, akatoka. Tulisikia viatu vyake kwenye kokoto mpaka barabarani. Hakugombana na mtu. Ningeona nafuu angegombana.

Afisa aliandika muda mrefu. Wifi amepewa onyo kwa maandishi, anabaki kazini, kwa kuwa alidanganya ili kuziba tundu nililolitoboa mimi. Mimi nisiguse kazi ya afya tena kwa jina lolote. Barua ya shukrani nayo imefutwa, hiyo nilikuwa nimeshaisahau.

Nesi akamwuliza afisa, "Na zile kaya tisa? Bado ukurasa haufunguki bila kitambulisho."

"Nitalipeleka juu."

"Mpaka lirudi kutoka juu," nesi akasema, "mimi napokea kikaratasi kama zamani."

Afisa akafunga mkoba.

Aprili 15

Wifi hakunisalimia leo.

Aprili 16

Wala leo.

Aprili 18

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nafua. Alisimama na ndoo tupu.

"Kwa nini, wifi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Miaka kumi na moja, kalamu tatu, daktari.

"Fulana," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko kibaya, halafu machozi yakamtoka. "Kila siku nilikuwa naivaa naogopa utanichukia. Ndiyo maana nilikuletea sukari. Kumbe ulikuwa umeshaanza." Akajifuta kwa mkono. "Yule dada ni mkubwa kwangu mwaka mmoja tu."

"Najua."

"Hapana, wifi. Mimi ndiye najua. Mimi ndiye nilikuwa namshika alipokuwa anaambiwa."

Akachota maji akaenda. Alasiri mume wangu akaniuliza tumeongea nini, nikamwambia ya sabuni.

Aprili 25

Mvua ya mwisho mwisho. Nimesaga unga.

Mei 3

Mama na mtoto wametoka hospitali. Asubuhi wifi aligonga mlango wangu, mizani begani, ndala miguuni, maana mabuti mengine hajapewa.

"Leta daftari," akasema. "Nionyeshe njia ya kuingilia."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa kazi. Hujakatazwa kutembea."

Tukavuka. Daraja limebaki mbao nne. Nilimzungusha upande wa shimo la udongo, nikamwambia atembee mbele ili waone ni yeye, na mizani aishike waione. Watu walisimamisha kazi. Mfyatuaji mrefu alikuwa anapanga matofali kwenye tanuri. Akanyoosha mkono kumwonyesha wifi mlango. Mimi hakunionyesha kitu.

Mke wake alikuwa ndani. Nilifika kizingitini, akaniona, akamgeuza mtoto upande wa ukuta. Alifanya taratibu, kama mtu anayemkinga na upepo.

"Wewe kaa hapo," akasema.

Nikakaa nje, juu ya rundo la matofali mabichi, daftari magotini. Niliwasikia ndani. Wifi aliangalia mti wa dari kwanza, akaupiga ngumi kuona kama umeoza. Hilo nilimfundisha mimi, au tuseme nyumba ya kona ilimfundisha. Ndoano ikalia. Nilisikia mtoto anatiwa kwenye mfuko, anakoroma kwa hasira. Mikono yangu ilijua kabisa ni wakati gani wa kuachia mfuko na wakati gani wa kungoja mshale utulie, na haikuwa na kitu cha kushika isipokuwa penseli. Nilimwonea wivu wifi pale mpaka nikauma mdomo. Pengine utaniisha, pengine hautaniisha.

"Wifi!" akaita kutoka ndani. "Fungua ile karatasi ya penseli. Nyumba ya tano."

"Nimefungua."

"Kilo mbili na robo."

Nikaandika kilo mbili na robo. Kisha nikafuta duara kwa kidole, likatoka vizuri, penseli ndiyo faida yake, nikachora mstari. Nyumba nyingine mle zitakuwa na duara mwaka ujao, na mwaka mwingine. Ile ya tano sitachora tena.

"Umeandika?" wifi akauliza.

"Nimeandika."